Uraia wa Kenya: ujue mlango wako kabla ya kujaza fomu

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. "Mimi nimezaliwa Muscat, mama ni wa Lamu, nitaombaje uraia wa Kenya?" "Mume wangu Mtanzania, ndoa yetu ina miaka mitano, aombe sasa au asubiri?" "Nilichukua pasipoti ya Uingereza mwaka 1998, ndiyo nimeshaukosa Ukenya?" "Babu alikuja kutoka Msumbiji kukata mkonge, sisi wajukuu ni wa wapi?" Nimewasaidia watu na karatasi hizi huku Likoni kwa miaka kadhaa, nikajibu mmoja mmoja, kibarazani na kwenye simu. Leo nayaweka yote mahali pamoja ili ukija kwangu tuanzie mbele kidogo.

Wengi ninaowaona wamekwama hawakukosa haki. Walibisha mlango usio wao. Mtu ni raia tangu siku aliyozaliwa, naye anajaza fomu ya kuandikishwa kama mgeni, anasubiri miaka, kisha anaambiwa hafai. Na milango hii haifanani. Uraia wa kuzaliwa hakuna afisa wala waziri anayeweza kukupokonya. Uraia wa kuandikishwa unaweza kufutwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini ni ndefu kuliko nyingine, na nakuomba usiiruke.

Sheria za kushika ni mbili tu: Katiba iliyoanza kutumika 27 Agosti 2010, Sura ya Tatu, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Katiba inataja njia mbili za kuwa raia, kuzaliwa na kuandikishwa. Mengine yote ni matawi ya hizo mbili.

Kabla hujaanza, weka hivi mkononi

- Cheti chako halisi cha kuzaliwa, si nakala.
- Vitambulisho vya wazazi wote wawili. Aliyefariki, cheti chake cha kifo na namba ya kitambulisho chake.
- Pasipoti zako zote, hata zilizokwisha muda. Usitupe pasipoti kuukuu, mihuri iliyomo ndiyo ushahidi wa lini uliingia na lini ulitoka.
- Cheti cha ndoa, kama unapitia ndoa.
- Vibali na pasi zote za kuishi nchini, kama unapitia ukaazi.
- Cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole.
- Akaunti ya eCitizen kwa jina lako mwenyewe na namba ya simu yako mwenyewe. Usitumie ya mwenye saiba, yaani duka la intaneti. Ujumbe wa kukuita mahojiano utaenda kwenye simu yake.
- Nyaraka za Kiarabu, Kifaransa au lugha nyingine zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiingereza na tafsiri imethibitishwa.
- Faili la plastiki lenye mifuko, na daftari dogo la kuandika tarehe, jina la afisi uliyokwenda na ulichoambiwa.

Hilo faili usilidharau. Mzee mmoja aliniletea cheti chake cha kuzaliwa cha mwaka 1957 kikiwa kimekunjwa mara nane ndani ya kifuko cha dawa. Mikunjo ilikuwa imetoboka, na tundu kubwa lilikaa pale pale palipoandikwa jina la baba yake. Nitamrudia mzee huyu. Na usiende kukipiga plastiki cheti halisi ukidhani unakihifadhi. Afisa anataka kuishika karatasi na kuukagua mhuri.

Hatua ya 1: Tambua mlango wako

Jiulize maswali haya kwa mfuatano. Likikupata moja, simama hapo kwanza.

*Siku uliyozaliwa, mama au baba alikuwa raia wa Kenya?* Kama ndiyo, wewe ni raia wa kuzaliwa, uwe ulizaliwa Kisauni, Muscat au Minneapolis. Hiki ni Kifungu cha 14 cha Katiba. Mlango huu hauombi uraia, unathibitisha uraia ulio nao. Unaenda moja kwa moja kutafuta kitambulisho au pasipoti.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wa Pwani tunapoumia. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kupitia baba peke yake. Binti wa Mombasa aliyeolewa Oman, Yemen au Dubai alizaa watoto ambao Kenya iliwahesabu wageni. Katiba ya 2010 ilimweka mama sawa na baba, na ikarudi nyuma. Hata kama ulizaliwa 1975, mradi mama ni raia au alikuwa raia, inakuhusu. Mpaka leo nakutana na watu wa namna hiyo wakilipia pasi ya kuishi katika nchi iliyo yao. Linaniuma kila mara.

Angalizo moja: kwa aliyezaliwa nje, Sheria ya 2011 inataka mzazi awe raia wa kuzaliwa. Kwa hiyo kama baba yako alikuwa mgeni akaandikishwa, kisha wewe ukazaliwa nje ya Kenya, usijaze chochote kabla ya kuonana na wakili.

Kinyume chake pia kielewe. Kuzaliwa ndani ya Kenya peke yake hakukupi uraia. Wazazi wote wawili wakiwa wageni, cheti cha kuzaliwa cha Mombasa kinaonyesha ulizaliwa wapi na kwa nani, basi.

*Ulikuwa raia wa kuzaliwa, ukachukua uraia wa nchi nyingine?* Tazama tarehe. Ikiwa ni kabla ya 27 Agosti 2010, uraia wa Kenya ulikutoka kwa sheria ya wakati ule, na sasa unaomba kurudishiwa. Katiba inasema ni haki yako ukiomba. Ikiwa ni baada ya tarehe hiyo, hukupoteza kitu. Usiombe kurudishiwa ulicho nacho, nenda Hatua ya 7 ukatangaze uraia wako wa pili.

*Umeoana na raia wa Kenya kwa miaka 7 au zaidi?* Unaandikishwa kwa ndoa, Kifungu cha 15. Mume na mke ni sawa. Zamani aliyepata nafasi hii ni mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya, na mume mgeni hakuwa na mlango. Hilo limekwisha.

*Umeishi Kenya kihalali miaka 7 mfululizo?* Unaweza kuomba kuandikishwa kwa ukaazi. Soma neno hilo vizuri: wa ndoa "ana haki", wa ukaazi "anaweza kuomba". Serikali ina nafasi ya kukukatalia.

*Ni mtoto aliyeasiliwa na Mkenya?* Ana haki ya kuandikishwa. Lakini kuasili ni amri ya mahakama. Kumlea mtoto wa ndugu, au kumlea kwa kafala, ulezi wa Kiislamu, ni jambo jema lenye thawabu, ila si kuasili.

*Ni mtoto aliyeokotwa Kenya, anaonekana hajafika miaka 8, na wazazi wake na utaifa wake havijulikani?* Anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ripoti polisi na kwa afisa wa watoto, jambo lipitie mahakamani, usimtafutie cheti cha kuzaliwa kwa jina lako. Huo ni uongo utakaomwandama mtoto huyo ukubwani.

*Ukoo wenu uko Kenya tangu kabla ya uhuru, na hakuna nchi yoyote inayowatambua?* Sheria ya 2011 ina vifungu vya wasio na utaifa na wahamiaji waliokuwapo nchini tangu kabla ya 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 na mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho. Washona walifuata, tangazo likitoka 2020 na vyeti 2021. Wapemba, wavuvi ambao kwa kukosa kitambulisho walikosa hata leseni ya kuvulia, walipata Julai 2023 kule Kilifi. Jamii hizi zilipita pamoja, kwa uamuzi wa serikali. Vifungu vyenyewe viliwekewa muda wa miaka 5 tangu 2011, na nafasi ya kuongezwa miaka 3 tu. Kwa hiyo usiende peke yako ukiwa na fomu uliyoichapisha saiba. Nenda na viongozi wa jamii yako na shirika la msaada wa kisheria, mkaulize kwanza Uhamiaji kuna utaratibu gani ulio wazi sasa.

Hatua ya 2: Nyoosha majina

Kabla ya fomu yoyote, tandika karatasi zako zote mkekani na usome majina herufi kwa herufi. Sitanii nikisema hii ndiyo hatua inayookoa miezi.

Huku kwetu jina moja lina sura nne. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha Athumani. Kitambulisho kinasema Mwana Aisha Othman. Cheti cha shule, Mwanaisha Ali, kwa sababu mwalimu alimwandika kwa jina la babu. Pasipoti ya Oman inasema Aisha bint Uthman na nisba ya kabila mwishoni. Wewe unajua ni mtu mmoja. Kompyuta inaona wanne.

Fanya hivi:

- Chora jedwali kwenye daftari: karatasi, jina lilivyoandikwa, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, jina la baba. Kila tofauti izungushie kalamu nyekundu.
- Tofauti ndogo za tahajia: nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Yataje yote, kila moja kama lilivyoandikwa, na karatasi lilimotoka.
- Jina tofauti kabisa: hati ya kiapo haitoshi. Unahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina iliyosajiliwa, na wakili ndiye anayeiandaa.
- Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa chenyewe, kisahihishe kwenye afisi ya usajili wa vizazi na vifo. Usibadilishe karatasi nyingine zote zifuate kosa.
- Tarehe ya mzazi nayo ikague. Nimeona mama "aliyezaliwa" 1971 akiwa na mtoto wa 1979. Kitambulisho chake kiliandikwa kwa kukisia. Ombi la mtoto likarudi.

Hatua ya 3: Jenga ushahidi wa mlango wako

*Wa kuzaliwa.* Kazi yako ni kuunganisha pete mbili za mnyororo mmoja: kwamba mzazi ni raia, na kwamba wewe ni mtoto wake. Pete ya kwanza ni kitambulisho au pasipoti ya Kenya ya mzazi. Ya pili ni cheti cha kuzaliwa chenye jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho hicho. Kama ulizaliwa nje, pitia ubalozi wa Kenya wa nchi hiyo, au Uhamiaji ukiwa nchini. Kama ulizaliwa nyumbani kwa mkunga na hukuandikishwa, omba usajili wa kuchelewa. Kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, cheti cha shule ya msingi, vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu vyote vinasaidia.

Ikiwa mzazi alizaliwa kabla ya uhuru na hana kitambulisho, ushahidi unarudi hadi kwa babu. Sababu ni hii: siku ya 12 Desemba 1963, aliyezaliwa Kenya akiwa chini ya ulinzi au uraia wa Mwingereza alikuwa raia moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Wengine walitakiwa kujiandikisha ndani ya miaka miwili. Familia nyingi za asili ya Kihindi na Kiarabu huulizwa karatasi za babu kwa sababu hiyo, nao hudhani wanaonewa tu. Ukijua kinachotafutwa, utajua karatasi ya kutafuta.

*Wa kurudishiwa.* Kitambulisho cha zamani, pasipoti ya zamani ya Kenya, cheti cha kuzaliwa, na cheti cha uraia wa nchi nyingine kinachoonyesha tarehe uliyoupata.

*Wa ndoa.* Cheti cha ndoa ni lazima. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, ya Kiislamu na ya kimila zikiwemo. Wengi wetu tuliozeshwa msikitini, sheikh akaandika kwenye kitabu chake, tukala biriani tukaenda. Kama ndivyo, anza kwa kadhi au msajili wa ndoa leo, usingoje mwaka wa saba. Zaidi ya cheti, ndoa isiwe ya kutafutia karatasi, na mnapoomba muwe mnaishi pamoja. Weka mkataba wa nyumba wenye majina yenu, bili ya umeme, vyeti vya watoto, picha za harusi na za miaka ya katikati. Mjane ambaye mwenzake Mkenya alifariki kabla ya miaka 7 kutimia hajafungiwa mlango. Sheria inamruhusu kuomba muda ukitimia, akiambatisha cheti cha kifo.

Katika miaka hiyo 7 ya kungoja, mgeni hakai bure. Achukue pasi ya mtegemezi na aihuishe kwa wakati.

*Wa ukaazi.* Neno lenye uzito ni "mfululizo". Panga vibali vyako kwa tarehe, mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine. Wiki tatu zisizo na kibali, kwa sababu ulichelewa kuhuisha, zinatosha kukurudisha nyuma. Miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba unatakiwa uwe umeishi nchini kipindi chote. Uwe mtu mzima, usiwe umetangazwa mufilisi, usiwe na hukumu ya kifungo cha zaidi ya miaka mitatu, ujue haki na wajibu wa raia, uonyeshe utakachochangia nchini, na uweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Ukisoma haya bila msaada, sharti la lugha umeshalipita.

Hatua ya 4: Wasilisha ombi

1. Ingia eCitizen, fungua huduma za Uhamiaji, chagua huduma inayolingana na mlango wako. Soma kichwa cha fomu mara mbili. Ya ndoa na ya ukaazi ni tofauti.
2. Jaza kwa majina yaliyonyooshwa kwenye Hatua ya 2. Usiache nafasi tupu. Pasipokuhusu, andika kwamba hapakuhusu.
3. Pakia nakala zinazosomeka. Picha ya simu iliyopigwa usiku chini ya balbu haisomeki.
4. Lipa ada inayoonekana hapo hapo kwenye mfumo. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, namba 222222. Mtu akikupa namba yake ya M-Pesa ili "akusukumie faili", ondoka.
5. Chapisha fomu na risiti, upeleke pamoja na nyaraka halisi Uhamiaji. Makao makuu ni Nyayo House, Nairobi. Walio Mombasa waanzie Uhamiaji House. Walio nje ya nchi waende ubalozini.
6. Omba karatasi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, yenye namba ya faili. Usitoke bila hiyo namba. Iandike daftarini, ipige picha, umtumie mtu unayemwamini.

Hatua ya 5: Mahojiano

Si mtihani wa chuo. Wa ndoa huulizwa wote wawili, mara nyingine kila mmoja peke yake: mlionana wapi, nani alikuja kuposa, jirani wa mkono wa kulia ni nani. Jibuni mnachokijua. Wanandoa wanaokariri majibu huanguka, kwa sababu maisha ya kweli yana tofauti ndogo, na afisa anazijua. Bwana mmoja aliulizwa mkewe hunywa chai gani, akasema "ya rangi". Mke, chumba cha pili, akasema "ya maziwa, lakini yeye hunitengenezea ya rangi maziwa yakiisha." Walipita.

Wa ukaazi huulizwa kuhusu kazi, kodi, na wajibu wa raia. Soma Sura ya Nne ya Katiba, Sheria ya Haki. Kwa kawaida utaombwa pia majina ya Wakenya wanaokufahamu. Waulize kwanza kabla ya kuwataja.

Hatua ya 6: Kiapo, cheti, kisha kitambulisho

Ombi la kuandikishwa likikubaliwa, unaapa kiapo cha utii na kupewa cheti cha uraia. Soma jina lako kwenye cheti hapo hapo mezani kabla ya kutia saini. Toa nakala tatu zilizothibitishwa na wakili, halisi iwekwe salama. Kisha nenda Huduma Centre au afisi ya usajili wa watu ukachukue kitambulisho, siku hizi kadi ya Maisha. Pasipoti hufuata baadaye.

Wa kuzaliwa hana kiapo wala cheti cha uraia. Akishafika miaka 18 anaenda moja kwa moja kwenye kitambulisho.

Hatua ya 7: Tangaza uraia pacha

Raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wa Kenya kwa kuchukua mwingine. Lakini sheria inataka utangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu tangu uupate. Kutotangaza ni kosa, na adhabu yake inaweza kufika shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Watu wengi wazuri hawalijui hili. Lijue wewe, umwambie na shemeji yako wa Toronto. Na mwenye nia ya kugombea ubunge au kujiunga na jeshi ajue kwamba Kifungu cha 78 kinamzuia mwenye uraia pacha, isipokuwa wachache waliotajwa humo.

Upande wa pili nao uutazame. Kenya inaweza kukukubali, na nchi yako ikakufuta. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa Kenya kwa hiari, sheria ya Tanzania inamtoa. Mhindi vivyo hivyo. Kaeni na familia mlizungumze kabla ya kiapo, pamoja na habari ya shamba la urithi lililoko Tanga.

Makosa ninayoyaona kila mwezi

Kusema uongo mdogo ili kurahisisha. Uraia wa kuandikishwa uliopatikana kwa udanganyifu hufutwa wakati wowote, hata baada ya miaka 20. Unaweza pia kufutwa ukihukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi ndani ya miaka mitano ya kuandikishwa, au kwa uhaini na makosa mengine mazito wakati wowote. Usiweke uongo kwenye msingi wa nyumba.

Kudhani hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki ni uraia. Inakuvusha mpaka, basi.

Kudhani talaka inaondoa uraia. Haiondoi. Katiba inasema wazi kwamba kuoa, kuolewa au kuachana hakumpotezei mtu uraia.

Kununua cheti cha kuzaliwa kwa broka. Nimeshuhudia familia nzima ikiwekwa kando kwa sababu ya mtoto mmoja aliyenunuliwa cheti, na wengine wote walikuwa raia halali.

Ikikwama

*Miezi inapita, kimya.* Andika barua ukitaja namba ya faili, uombe kujua limefika wapi. Taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoitaka afisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Wakinyamaza, peleka nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala. Haina malipo, na barua yake husomwa.

*Umekataliwa kwa mdomo.* Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo. Sababu ikiwa karatasi iliyokosekana, itafute uombe tena. Ikiwa ni uamuzi unaouona si wa haki, wakili anaweza kuupeleka Mahakama Kuu, na bila sababu iliyoandikwa hana pa kuanzia.

*Alama za vidole zinaonyesha wewe ni mkimbizi.* Hili liliwapata Wakenya wengi wa Garissa, Wajir na Mandera ambao wazazi waliwaandikisha kambini wakati wa njaa ili wapate chakula. Hufutwi kwa kubishana dirishani. Unapitia afisi ya huduma za wakimbizi kuomba kuondolewa kwenye daftari lao, ukiwa na kitambulisho cha mzazi, cheti cha shule uliyosoma kabla ya kambi, na wazee wa kukushuhudia.

*Mzazi Mkenya amefariki na hakuacha kitu.* Tafuta kwa ndugu zake. Kitambulisho cha shangazi au ami wa baba mmoja na mama mmoja, pamoja na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha wazazi wao, kinasimama mahali pa kile kilichopotea. Ongeza kiapo cha wazee wawili waliomjua na barua ya chifu. Daftari la shule ya msingi aliyosoma nalo huwa lipo, muulize mwalimu mkuu.

*Cheti cha kuzaliwa kimechakaa hakisomeki.* Usikibandike utepe. Pembeni mwa cheti huwa na namba ya usajili. Ukiwa nayo, afisi ya usajili wa vizazi inaweza kukutolea nakala iliyothibitishwa kutoka kitabu chao. Yule mzee wa 1957 aliondoka Mombasa kijana, kabla ya kuchukua kitambulisho, na maisha yake yote aliyafanyia Jeddah bila kuchukua uraia wa huko. Jina la baba yake, lile lililotoboka, ndilo lililokuwa likitafutwa, kwa sababu baba huyo alizaliwa Kaloleni. Namba ilikuwa bado inasomeka. Tulisubiri wiki kadhaa. Nakala mpya ikatoka na jina kamili. Binti zake watatu, wote wazaliwa wa Jeddah, wakaombea pasipoti zao za Kenya kwa karatasi ile ile.